Mbele ya Askari

Scholastique Okito alikuwa na kalamu ya kijani, na kalamu hiyo iliogopwa mtaani Mikelenge, mjini Kindu, Kongo, kuliko mbwa wa polisi. Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi uliokuwa zamani ghala la mpunga, wanafunzi wake walimkabidhi karatasi zao kwa mikono miwili, kisha wakakaa kimya wakisikiliza kalamu inavyokwaruza. Neno likipona, walishusha pumzi. Likikatwa, walimgeukia Jacques Onema, mwalimu wa pili, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwafariji.

Usidhani hawa wawili walizaliwa walimu wa waandishi. Kindu hakuna anayekula kwa kalamu. Anayeandika huandika huku akila kwa kitu kingine, na anayefundisha wengine kuandika ujue amekwisha kuonja vyungu vingi. Jacques alikuwa mtangaza treni kituoni, enzi ambazo treni zilikuwa na la kutangazwa. Zilipoacha kuja akawa katekista, akaandika mchezo wa Noeli ambamo Herode alifanana mno na mkubwa mmoja wa mji, akagombana na padri, akaondoka na hati ya mchezo wake kwapani. Akawa fundi wa redio. Kukaa na redio mchana kutwa kukamfanya azionee huruma kwa upuuzi ziliolazimika kuusema, akaanza kuziandikia michezo. Mpaka leo ukimpa hadithi, swali lake la kwanza ni moja: inasikikaje?

Scholastique naye alizaliwa kijijini Tunda, mkoa huo huo wa Maniema, akafundisha darasa la nne huko huko mpaka serikali iliposahau kwamba walimu nao hula. Akahamia Kindu. Vita ya kwanza ikapita, ya pili ikaingia, shule zikafungwa, naye akaweka meza ndogo karibu na soko akawaandikia watu barua. Huyu baba yake yuko Kisangani, yule mtoto wake alibaki Kasongo, na hakuna ajuaye nani yuko hai. Mtu alikuja na kilio, akaondoka na aya nadhifu. Hapo ndipo Scholastique alipojifunza uhariri, ingawa hakujua kama kazi hiyo ina jina. Aliona kwamba mwenye uchungu huanzia katikati, hurudi mwanzo, husahau mwisho, na akaamini kwamba kazi ya mwandishi ni kumshika mkono na kumpanga. Ilikuwa imani njema. Lakini imani njema nayo, usipoiangalia, huvimba kichwa.

Njaa ilipozidi mjini, na chumvi ikawa kitu cha kulambishana, alitoka kwa miguu mpaka Kabambare, akatokea Kalemie, akavuka ziwa na kuangukia Kigoma. Huko alifagia kiwanda kidogo cha uchapaji, kisha akapewa kusoma karatasi kabla hazijachapwa, kisha akapewa kuandika kijitabu cha historia kwa watoto wa shule. Aliandika kwa moyo wote: "Mbele ya uhuru, wakoloni walitawala nchi yetu." Mwenye kiwanda akapanda juu ya kiti, akawasomea wafanyakazi wote. "Mbele ya uhuru! Kwa hiyo wakoloni wako njiani, jamani, wanakuja!" Walicheka mpaka mashine ikasimamishwa.

Kwao Maniema hapakuwa na la kuchekesha. Kwao mbele ni kabla, na nyuma ni baada. Unaoga mbele ya kula, unapumzika nyuma ya kula, na hakuna anayepotea njia. Lakini aibu ni mwalimu asiyelipwa, na anafundisha kuliko wote. Tangu siku ile Scholastique aliyalea masikio yake upya. Kila "mbele" akaipekua, kila "njo," ambayo kwao ni "ndiyo" na "ndipo," akaifukuza, na aliporudi Kindu baada ya vita alizungumza Kiswahili kilichonyooka hata wauza samaki wakawa wanamwita Mama Redio. Akatafsiri mikutano ya mashirika, akauza vitenge, akaandika michezo ya kuwahimiza watu kunawa mikono, na mwishowe akafungua darasa. Kwa ufupi, alikuwa mtu aliyekula chumvi nyingi, na nyingine aliikosa.

Kati ya wanafunzi wake alikuwamo Hawa, mjane auzaye mawese sokoni, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Hawa hakuwa na maneno mengi. Alikaa mwisho wa benchi, mikono yake ikinukia mafuta hata baada ya sabuni, akiandika kwa herufi kubwa kama anayepanga mihogo juani. Wengine waliandika juu ya mapenzi na uchawi. Hawa aliandika hadithi moja tu, akaifuta, akaiandika tena, msimu mzima wa mvua. Ilihusu nyumba yake katika mwaka ule wa tisini na nane askari walipoingia Kindu.

Basi shirika moja likakubali kulipia kitabu cha hadithi za darasa hilo, kwa sharti kwamba kiwe cha Kiswahili sanifu, kisomeke kuanzia Kindu mpaka pwani. Kikipendeza, Scholastique angepewa kuhariri vingine. Alifunga kilemba chake, akachomeka tarakilishi kwenye jenereta ya jirani, akaanza kazi. Hadithi ya Hawa aliiacha ya mwisho, maana aliipenda kuliko zote, na mtu hupenda kula kipande kitamu mwishoni.

Ilikuwa imeandikwa hivi: askari waliingia mji; Soudi, mume wa Hawa, akavuka mto kwenda Alunguli kumtafuta mdogo wake, asirudi tena; askari wakaja kulala katika nyumba. Kisha, katikati ya ukurasa, Hawa alikuwa ameandika sentensi fupi: "Idrissa alizaliwa mbele ya askari." Na baada yake ikaja sentensi kuhusu Soudi na mtoto wake mchanga.

Scholastique alisimama hapo. "Mbele" nyingine zote katika kitabu alikuwa amezigeuza kuwa "kabla," mbele ya vita, mbele ya mvua, mbele ya Ramadhani, bila hata kufikiri. Lakini hizo zilikuwa mbele ya mambo. Hii ilikuwa mbele ya watu. Akamwona mwanamke anajifungua, askari wamesimama mlangoni na bunduki zao. Akaandika, akajisomea kwa sauti: "Idrissa alizaliwa machoni pa askari." Halafu akafika kwenye sentensi ya Soudi, akakuta haiingii. Soudi si alikwisha kuvuka mto? Masikini Hawa, amechanganya, kama wale wa barua. Scholastique alikuwa na usemi wake wa darasani: sentensi nzuri isiyo mahali pake ni mgeni aliyekosea nyumba, mwonyeshe mlango. Akaisoma mara nyingine, akaionea huruma, akaikata.

Jacques alikuwa pembeni anachokonoa redio. "Inasikika vibaya pale," alisema. "Tumungojee Hawa arudi, tumuulize."

"Hawa yuko Kailo kumposea mtoto wake, na mchapaji wa Kinshasa hatungoji."

"Kuuliza si ugonjwa, dada."

"Jacques, mhariri ni mimi."

Akatuma. Juma lile mvua ikatoboa paa la ghala na karatasi za Hawa zikageuka uji juu ya meza. Hakuna aliyelia. Kitabu si kilikuwa tayari?

Vitabu vilipofika kwa ndege, darasa zima lilicheza. Hawa alipokea nakala yake, akaifunga katika kikwembe, akaenda nayo nyumbani bila kuifungua. Alikuwa anaijua hadithi yake. Aisome ya nini? Alimpa mwanawe Idrissa, kijana mrefu mwendesha pikipiki, akamwambia, "Soma. Mule ndani iko neno yako." Akaingia jikoni akajifanya anatafuta kijiko.

Idrissa, kwa fahari ya mtu ambaye mama yake ameandika kitabu, alikipeleka kwenye kituo cha pikipiki akakisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Na hapa "mbele" ni ile ya pwani. Alipofika pale pa machoni pa askari, sauti ikapungua. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mmoja tu alisema taratibu, kama mtu anayekubali habari ya zamani, "Kumbe njo ile bantu walikuwa wanasemaka." Kwa maana minong'ono ilikuwapo tangu utoto wake. Askari walilala katika nyumba ya Hawa, watu waliliona hilo. Mtoto alikua mrefu kuliko ukoo wote, watu waliliona hilo pia, wakajumlisha. Majirani wa wakati ule vita iliwatawanya, mkunga amekwisha kufa, na Hawa alikuwa mwanamke asiyejua kubishana. Sasa kitabu, kilichomzaa mtoto baada ya Soudi kuondoka na askari kulala nyumbani, kilikuwa kimekata shauri.

Hazikupita siku nyingi habari ikafika Kailo, nyumbani kwa Aïcha, mchumba wa Idrissa. Mzee Ismaël, baba mkubwa wa Aïcha, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba ile. Akatuma ujumbe mfupi: ndoa isimame. Siku ya nikaha shehe atamtaja bwana harusi kwa jina la baba yake, na yeye Ismaël hataki kusikia jina ambalo kitabu kinalikana.

Idrissa alikuja kwa Scholastique mchana wa jua kali. Hakupiga hodi. Alizima pikipiki katikati ya ua, akasimama na kitabu mkononi.

"Mama mwalimu, shikamoo. Nauliza kitu moja tu. Miye niko mutoto ya nani?"

Scholastique alikuwa anasuka mkeka wa maneno ya hotuba ya kuzindua kitabu. Alikichukua kile kitabu, akatazama ukurasa, akajibu kama mwalimu: "Mama yako ndiye aliyeandika, mwanangu. Mwandishi huandika ukweli wake, na ukweli huo haukupunguzii kitu."

"Mama anasema hakuandika vile."

"Labda amesahau."

Idrissa alichukua kitabu chake. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Kama kitabu njo kinajua kuliko mama yangu, sawa," alisema, akawasha pikipiki, akaondoka.

Vumbi lilikuwa halijatua Hawa alipoingia, amekuja kwa miguu, kanga moja begani, anahema. Alikataa kiti.

"Mwalimu. Niliandika mbele ya askari."

"Ndiyo, Hawa, na mimi nikaandika machoni, maana ndiyo..."

"Mbele!" Hawa hakuwahi kupaza sauti darasani, wala popote. "Mbele ya askari! Askari walikuwa hawayafika. Mutoto alizaliwa, akapewa jina, akanyolewa nywele, njo askari wakaingia. Mbele! We' uko muntu wa Tunda, Mwalimu. Mama yako alikuzaa anasema lugha gani?"

Scholastique aliketi. Alisikia kicheko cha Kigoma, kile cha mpaka mashine kusimama, lakini safari hii hakuna aliyekuwa anacheka. Masikio aliyozaliwa nayo alikuwa ameyaacha ng'ambo ya ziwa, na sentensi ambayo mtoto yeyote wa Kindu angeielewa, yeye mwenye kalamu ya kijani hakuielewa.

"Na ile neno ya Soudi," Hawa aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, "umeipeleka wapi?"

"Niliikata."

"Ulikata."

"Haikuingia, Hawa. Soudi alikuwa amekwisha kuvuka mto."

"Mu kitabu yako. Mu nyumba yangu alikuwa hayavuka."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Ndipo Hawa akakaa chini, si kwenye kiti, kwenye mkeka, akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akasema lile ambalo Scholastique angebaki nalo.

"Ile sijawahi kumwambia Idrissa. Kinywa inakataa. Kila nikianza, nalia, mutoto anaogopa, naacha. Akakuwa mukubwa, nikashindwa zaidi. Njo maana nilikuja ku darasa yako. Wenzangu wanataka kuwa waandishi. Miye nilitaka ile neno moja tu imufikie. Basi."

Scholastique alilia. Alilia vibaya, bila ustadi wowote, kamasi na yote. Miaka yote ile aliwauliza wanafunzi wake kitenzi kiko wapi, koma iko wapi, na hata siku moja hakuwauliza: unamwandikia nani? Alishika mikono ya Hawa iliyonukia mawese, akasema tutachapa upya, tutabandika karatasi, nitaandika kwa mkono wangu katika kila nakala.

"Andika, ni vizuri," Hawa alisema. "Lakini Kailo hawangoji karatasi. Karatasi njo iliwadanganya. Wanangoja muntu."

"Basi twende wote wawili."

"Hapana. Miye nikisema, watasema mama anafunika mutoto wake. Wewe njo ulipasua, wewe njo utashona."

Jioni ile Jacques aliketi na wanafunzi katika ghala, wakiandika ile sentensi kwa mkono katika nakala zilizobaki, pambizoni, mahali ilipokatwa. Scholastique aliikariri neno kwa neno na wao wakaandika. Aliweza kwa sababu mhariri husahau maelfu ya sentensi alizoziacha ziishi. Ile aliyoikata kwa kuionea huruma humkaa kooni.

"Ukienda kule," Jacques alimwambia akimsindikiza, "habari itafika kwa wale wa shirika. Watauliza mhariri gani huyu anakata ukweli wa watu. Vitabu vingine usivitegemee tena."

"Wavipeleke kwa mwingine."

"Na kitu kingine, dada. Usiwapelekee Kiswahili chako cha sikukuu."

Idrissa ndiye aliyempeleka, kwa kuwa mama yake alimwamuru, na kwa kuwa mtoto aliyelelewa hampingi mama yake hata moyo ukiwa umevimba. Walivuka mto mpaka Alunguli, pikipiki imelazwa ndani ya mtumbwi, kila mmoja akitazama upande wake wa maji. Njiani kuelekea Kailo hakusema neno ila kumwonya mashimo. "Shika, mama." Shimo jingine. "Shika."

Mzee Ismaël alikuwa fundi wa cherehani, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kitabu kilikuwa juu ya cherehani, pini imechomekwa kwenye ukurasa. Aliwakaribisha kwa adabu zote, akaleta viti, akauliza habari za safari na za mto na za afya. Idrissa hakuketi. Alisimama mlangoni, mgongo umeegemea kizingiti, anatazama pikipiki yake.

Scholastique alikohoa, akaanza. "Mheshimiwa mzee wangu, nimefika kwa unyenyekevu kutoa ufafanuzi kuhusu dosari ya kiuhariri iliyojitokeza..."

Mzee alimwinulia mkono. "Mama, samahani. Unasema kama redio, na sisi hatuna betri ya kukusikiliza hivyo. Sema na sisi."

Kuna maneno mtu huyaweka ndani ya sanduku akidhani ameyatupa. Scholastique alifungua kinywa na lugha ya Tunda ikatoka, mwanzoni kwa kujikwaa, kisha kama maji.

"Njo miye nilikosa, baba. Si mama ya kijana. Mama aliandika 'mbele ya askari.' Miye nikasoma sawa na bantu wa ng'ambo, nikasema ni mu macho ya askari. Nilijifanya najua sana. Mutoto alizaliwa, askari walikuwa hawayaingia, baba yake alikuwa mu nyumba. Kitabu njo kinasema uwongo, na ule uwongo ni wangu."

Mzee alivua miwani. "Mbele ya askari," alirudia, akiyapima yale maneno. "Ee. Mbele ya askari kuingia. Sasa hiyo, nani hawezi kuelewa?"

"Miye."

"Na umesoma."

"Ndiyo, baba. Nimesoma."

Mzee Ismaël alitikisa kichwa, nusu kwa kumhurumia. Lakini hakuwa mtu wa kushonwa kwa mshono mmoja. "Mama, nimekusikia. Ila muntu anaweza kuja hapa kwa huruma, kumusaidia mujane. Nami ningefanya vile. Karatasi zake za mukono ziko wapi?"

"Mvua ilizila."

"Unaona sasa."

"Lakini iko neno moja nilikata. Nililikata juu nilifikiri Soudi alikuwa ameenda. Nilitaka ulisikie vile mama alikuwa ameliandika."

Mzee akafanya ishara aendelee. Scholastique alifumba macho, akaisema hadithi ya Hawa kama Hawa alivyoiandika, bila kunyoosha kitu:

"Idrissa alizaliwa mbele ya askari. Soudi akamubeba, akamusomea azana mu sikio ya kuume, mutoto akamushika ndevu, akavuta kwa nguvu, Soudi akacheka katikati ya azana, akaomba Mungu musamaha, akaanza tena tangu mwanzo."

Nyuma ya pazia, walikokuwa wanawake, bangili ililia mara moja, ikanyamaza. Mzee Ismaël alijishika ndevu zake mwenyewe bila kujua.

"Ile ya kucheka," alisema hatimaye. "Ile hakuna muntu anaweza kuitunga. Kama ingekuwa uwongo, ingekuwa na adabu. Mwongo angesema Soudi alilia, Soudi alimushukuru Mungu. Nani atatunga Mwislamu anacheka mu azana?"

Scholastique alikuwa anamtazama Idrissa. Kijana alikuwa amegeuka kutoka mlangoni. Hilo lilikuwa neno ambalo hajawahi kulisikia maisha yake yote, na lilimpata kwa sauti ya mwanamke mgeni katika nyumba ya watu. Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye sikio la kulia, ukakaa pale.

"Rudia, mama mwalimu," alisema. "Pale pa ndevu."

Scholastique, ambaye aliwahi kumtoza mwanafunzi faini kwa kurudia neno katika aya moja, alirudia. Mutoto akamushika ndevu, akavuta kwa nguvu. Soudi akacheka.

"Alicheka," Idrissa alisema.

"Alicheka. Akaanza tena."

Hapo machozi yakamshuka kijana yule mrefu, akayaacha yashuke mbele ya wakwe, na katikati ya machozi kitu kikamponyoka, kicheko kifupi cha pua, hata akajiziba mdomo kwa haya. Mzee Ismaël alitazama pembeni kumsitiri. Alichomoa ile pini kwenye ukurasa, akaichomeka mahali pake kwenye kola ya shati lake, akafunga kitabu.

"Kijana," aliuliza, "siku ile shehe atakuita nani?"

"Idrissa bin Soudi."

"Sema vizuri. Wanawake hawajasikia."

"Idrissa bin Soudi!"

Nyuma ya pazia wakapiga vigelegele, na mtu mmoja kati yao, bila shaka Aïcha, alianza kabla ya wengine.

Jua lilikuwa linaelekea kulala walipovuka tena mto. Hawa alikuwa gatini upande wa Kindu, amesimama kati ya wabeba magunia, chupa zake za mawese miguuni, zimejaa kama alivyotoka nazo asubuhi. Hakuwa ameuza hata moja. Scholastique alishuka kwanza, akaloa mpaka magotini, akamfikia. Idrissa alibaki nyuma akihangaika na wapiga makasia kuitoa pikipiki ndani ya mtumbwi.

Hawa hakuuliza habari ya ndoa.

"Ulisema yote?"

"Yote."

"Na ya ndevu?"

"Na ya ndevu. Aliomba nirudie."

Hawa aliutazama mto juu ya bega la mwalimu wake, mto ule ule ambao Soudi aliuvuka, na kijana mrefu aliyekuwa anapandisha pikipiki ukingoni, matope mpaka mapajani.

"Pale Soudi anacheka," aliuliza, "naye alicheka?"

"Alilia kwanza," Scholastique alisema. "Kisha akacheka."

Hawa aliinama, akaokota chupa zake moja moja, akazipanga ndani ya kapu.

"Basi," alisema, "imefika."